Bustani ya Mengineyo

Ardhi isiyo ya mtu ndiyo yenye wenyewe wengi. Anayebisha aje akae kwenye nyumba za ghorofa hapa Dar es Salaam, kisha apendekeze neno lolote kuhusu kile kiwanja kilicho kati ya jengo na jengo. Kabla hajameza mate atajulishwa kuwa pale pana njia ya mkato ya fulani, kamba ya kuanikia ya fulani, kijiwe cha kahawa cha wazee, goli la watoto lenye kandambili badala ya milingoti, na gari la mtu lililokufa injini tangu enzi za kaseti. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inayatambua maeneo ya namna hiyo kuwa mali ya pamoja. Isichokisema ni kwamba mali ya pamoja ni ile ambayo hakuna anayeruhusiwa kuifanyia kitu, na kila mtu anaruhusiwa kukasirika.

Kiwanja chetu kilikuwa na ukoka upande mmoja, vumbi upande wa pili, na lile gari katikati. Kila mwisho wa mwezi kamati ya wakazi ilimlipa kijana aje na fyekeo lake akisafishe mpaka udongo uonekane, kwa sababu Mwenyekiti wetu anaamini kwamba jani likishavuka kifundo cha mguu, chini yake tayari kuna nyoka. Hakuna aliyewahi kumwona nyoka huyo. Mwenyekiti husema huo ndio ushahidi kuwa kufyeka kunasaidia.

Mimi ndiye Katibu wa kamati hiyo. Nilichaguliwa kwa kura zote siku ambayo nilikuwa Morogoro kwenye msiba. Cheo hakina posho, ila kina faida moja: Katibu ndiye anayepanga ajenda, na anaweza kuchomeka jambo lake mkiani kabisa, kwenye Mengineyo, wakati wajumbe wanatafuta viatu vyao mlangoni.

Jambo langu lilitoka kwa dada yangu anayeishi Uingereza. Huko, tangu mwaka 2019, shirika la Plantlife limekuwa likiwasihi watu wazipumzishe mashine za kukatia nyasi mwezi mzima wa Mei ili maua ya porini yachanue na wadudu wapate riziki. Wana sababu: tangu miaka ya 1930 nchi hiyo imepoteza karibu asilimia 97 ya mbuga zake za maua. Mtaa wa dada umepanda maua hayo kwenye uwanja wa pamoja, na picha aliyonitumia ilikuwa na mekundu, ya buluu, ya njano, na kibao kinachowaeleza wapita njia kwamba majani marefu yameachwa kwa makusudi. Akataka kunitumia na pakiti ya mbegu. Nikamkatalia. Mbegu za ugenini haziingizwi nchini bila kibali cha afya ya mimea, na hata sheria isingekuwepo tunajua yaliyotupata: alizeti mwitu ilitoka Mexico, lantana ikatoka Amerika ya kitropiki, zote zikaletwa zipambe nyua za watu, na leo zimejimilikisha mapori na mashamba. Wazo, hata hivyo, halilipiwi ushuru. Nikalipokea.

Kikaoni nilisubiri hadi Mengineyo, nikasoma haraka: kiwanja kisifyekwe masika yote, mvua ioteshe inachotaka, nasi tuongezee mimea ya kwetu yenye maua, marejea, kivumbasha na mgagani, ili nyuki na vipepeo wapate pa kulisha. Nilitumaini wajumbe watasema "sawa" huku wakifunga kamba za viatu. Bahati mbaya aliniunga mkono Mwalimu mstaafu wa baiolojia wa ghorofa ya tatu, mtu ambaye hajawahi kupewa dakika tano zikamtosha.

Mwalimu alisimama, akavua miwani. Akasema Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekuwa likikumbusha kwamba takriban robo tatu ya aina za mazao ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani. Akasema nyuki wana aina zaidi ya 20,000, na tusidhani wote wana mzinga na malkia. Walio wengi ni wapweke, kila jike hujichimbia kishimo chake, hutafuta chakula mwenyewe na kuwaandalia wanawe bila msaada wa mtu.

"Hao ni wenzetu," akasema Mama wa ghorofa ya pili, aliyelea wanne peke yake. Akarudi kuketi. Nikahesabu kura moja.

Mwenyekiti hakutikisika. "Mwalimu, mahindi yanachavushwa na nani?"

"Upepo, Mheshimiwa."

"Mpunga?"

"Hujichavusha wenyewe, na upepo kidogo."

"Na ndizi?"

"Ndizi tunazokula hazihitaji kuchavushwa."

"Basi ugali upo, wali upo, ndizi zipo. Hao nyuki tunawatakia nini?"

Wajumbe wakaguna kwa heshima. Hoja ilikuwa nzito, na Mwalimu aliichukulia kwa uzito uliostahili. Akajibu kwamba ugali tutakula, ila alizeti inayotoa mafuta ya kukaangia inamngoja mdudu. Embe linamngoja mdudu. Korosho, boga, tikiti, tango, wote hao wamekaa foleni wakimngoja mdudu. Na asiyemtaka mdudu ajiandae kufanya kazi yake, akamtazame mkulima wa vanila kule Kagera au Zanzibar. Vanila ilitoka Mexico na wadudu wake wakabaki kwao. Kwa hiyo mkulima huzunguka asubuhi na kijiti, akalifunua ua moja moja na kulichavusha kwa mkono, na ua hilo likishafunga siku hiyo halifunguki tena. Ufundi huo aliubuni mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, na mpaka leo dunia nzima inamfuatisha.

Mwenyekiti akatazama saa, akatutazama na sisi. Nadhani alituona sote tumeinama kwenye shamba la matikiti, kila mjumbe na kijiti chake, naye akisimamia. Wakati huohuo adhana ya magharibi ikalia. Hoja ikapita. Kwenye muhtasari niliandika "baada ya majadiliano marefu", kwa sababu "kwa hisani ya mwadhini" kungezua maswali.

Masika ya Pwani hayahitaji kubembelezwa. Tuliponyamazisha fyekeo, kiwanja kilitoa vilivyokuwa vimejificha. Kongwa ilitambaa na viua vyake vya buluu vinavyofumbuka asubuhi na kufumba jua linapokuwa kali. Mchunga ukachanua njano. Kifaurongo kikafunga majani kila kilipoguswa, watoto wakasahau mpira. Marejea, ambayo mbegu zake Mwalimu alizitoa kwa ndugu yake Songea wanakoyapanda kurutubisha shamba, yalipanda hadi kifuani yakining'iniza maua ya njano yenye michirizi ya kahawia. Na bila kualikwa na mtu kikaja kishona nguo.

Kishona nguo ni mmea mpole wenye viua vidogo vyenye kitovu cha njano, na nyuki wanaupenda. Nao asili yake ni Amerika, na umeizunguka dunia yote ya joto bila kulipa nauli. Siri yake ni mbegu: kijiti cheusi chembamba, nchani kina miiba miwili au mitatu, na kila mwiba una vichokoo vinavyotazama nyuma. Ukipita umeshafungishwa mkataba. Kuing'oa mbegu moja kwenye kitambaa cha sufu ni kazi ya kucha na subira. Kuzing'oa zote ni kazi ya kufuta ratiba ya siku.

Mwenyekiti alikuwa na ratiba. Jumamosi moja aliongoza ujumbe wa kwenda kumposea mpwa wake, akiwa na suti nyeusi iliyotoka kwa dobi, na kwa kuwa gari lilikuwa linangoja nyuma ya jengo alikata mkato kupitia uwanjani. Hakuna aliyeona kitu. Gari lilikuwa na giza, na kwenye kochi la wakwe watarajiwa hakutazama chini kwa sababu alikuwa amebeba maneno. Aliyaanza vizuri: tumeona ua kwenye bustani yenu, tumelipenda, tumekuja kulichuma. Shangazi wa binti alimsikiliza mpaka mwisho, akaishushia macho ile suruali iliyoota vijiti vyeusi hadi magotini, akauliza kwa adabu zote kama hao wachuma maua wenyewe wamepitia barabarani au msituni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kitakula mbele ya wakwe.

Posa ilikubaliwa, na hilo ndilo lililoiokoa bustani. Hata hivyo Mwenyekiti alirudi na azimio: njia ya mkato ifyekwe upana wa watu wawili kupishana na ipangwe matofali pande zote. Nilipomweleza dada kwenye simu akafurahi sana. Akasema hata kwao wataalamu hushauri ukingo ukatwe nadhifu, ili jirani ajue kwamba pori lina mwenyewe. Kwao ni taaluma, kwetu ilikuwa suruali.

Ikaja kesi ya matundu. Bibi wa ghorofa ya chini ana miwaridi kwenye ndoo za rangi, na anaifahamu kwa majani yake kuliko anavyowafahamu baadhi ya wajukuu. Asubuhi moja aliyakuta majani yamekatwa pembezoni, si kwa kutafunwa ovyo bali kwa mkato safi wa duara, hili duara dogo, lile la mviringo mrefu, yote yakiwa na kingo laini. Viwavi hawana nidhamu hiyo. Washukiwa wa kwanza walikuwa watoto, mikasi ya shule ikakusanywa. Matundu yakaendelea. Washukiwa wa pili hawakutajwa majina, lakini Bibi aliacha kuanika khanga zake karibu na mlango wa jirani fulani, na jirani huyo akaacha kumwitikia salamu kwa urefu unaotakiwa.

Mwalimu ndiye aliyetuita tuje tuone. Tuliinama mbele ya ndoo, mimi, Bibi na Mlinzi, pumzi tumezibana. Nyuki mdogo wa kijivu akatua ukingoni mwa jani, akalipanda kwa miguu huku na huku, akaanza kukata kwa taya, akizunguka taratibu huku amekikumbatia kipande kilekile anachokikata. Mkato ulipokamilika kipande kikachomoka naye yuko juu yake, akaanguka kidogo hewani, mbawa zikamdaka, akaruka amekikunja tumboni. Tukamfuata kwa macho hadi kwenye tundu la skrubu lililoachwa wazi kwenye fremu ya dirisha la Mwenyekiti. Mwalimu akaeleza kuwa humo ndani anajengea vyumba: anavitandika majani, anaweka donge la chavua, anataga yai juu yake, anafunga mlango, anaanza chumba kingine.

Bibi alinyooka akishika kiuno. "Kumbe mzazi anatafuta nepi," akasema. "Mwacheni." Siku hiyohiyo khanga zilirudi kwenye kamba karibu na mlango wa jirani, na salamu zikarefuka, zikauliza na hali ya wagonjwa wa kijijini.

Si kila nyuki alipata hukumu ya aina hiyo. Jumapili moja kundi zima la nyuki wa asali lilitua kwenye bomba la tanki la maji na kuning'inia hapo, jeusi, likitetemeka. Grupu la wakazi likawaka. Meseji za sauti zilikuja kwa mfululizo, nyingine zikiwa na mlio wa madirisha yanayofungwa. Mmoja alitaka mafuta ya taa yaletwe, mwingine akataka Zimamoto, wa tatu akataka Katibu. Nikashuka.

Mwalimu alikuwa ameshafika, na mihadhara yake haina likizo. Alisema kundi linalohama halina watoto wala asali ya kulinda, hivyo tukikaa mbali na kutulia litaondoka lenyewe. Bali asiwepo wa kulichokoza, maana nyuki wa Afrika wana faili lao. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr aliwapeleka malkia wa Kiafrika nchini Brazil ili apate nyuki wachapakazi. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na uzao wao ukapanda bara lile mpaka Marekani, watu huko wakawatungia hadi filamu za kutisha. "Na kitu kingine," akaongeza kwa sauti ya chini. "Nyuki akidunga hutoa harufu ya kuwaita wenzake waje kupigana. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu."

Sote tukageuka kumtazama Mlinzi, aliyekuwa amesimama jirani na tanki kuliko sisi wote, mkononi ana ndizi kisukari iliyomenywa nusu. Mlinzi aliitazama ndizi. Akawatazama nyuki. Akaona njia ya haraka ya kuiondoa hatari ile ni kuimeza, akaimeza, akabaki ameziba mdomo kwa viganja viwili asije akapumua. Kabla ya adhuhuri kundi likainuka na kwenda zake. Lilikokwenda hatukujua, ila alasiri madirisha ya jengo la mtaa wa pili yalianza kufungwa moja baada ya jingine.

Baada ya hapo mtu akatushtaki. Hakujitaja, na mimi kama Katibu sina ruhusa ya kukisia. Afisa afya akaja na daftari, akasimama kwenye ukingo wa matofali, akasema amepokea malalamiko kwamba majani marefu yamekuwa mazalia ya mbu. Mwenyekiti alinitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuonya. Mwalimu akajibu kwamba mbu hazaliwi majanini, huzaliwa majini. Afisa, ambaye kazi yake anaijua vizuri, akakubali, akafunga daftari na kuanza kutafuta maji.

Afadhali asingekubali. Alipata viluwiluwi kwenye visahani vya chini ya vyungu vya Mwenyekiti. Akavipata kwenye pipa la mtu ambaye, kwa namna alivyokuwa amejitokeza mapema kumpokea mgeni, sitamtaja. Akavipata ndani ya gari bovu, kwenye tairi la akiba lililojaa maji ya mvua, vikicheza kwa furaha. Akatukumbusha dengi iliyolisumbua jiji mwaka 2014 na tena 2019, na kwamba mbu wake anapenda vyombo vya majumbani kuliko vichaka. Mwalimu akaona ni vyema kuongeza, kwa faida ya sayansi, kwamba mbu dume hawanyonyi damu kabisa bali huishi kwa utamu wa maua. Nikamkanyaga mguu.

Afisa akaandika: visahani vimwagwe, pipa lifunikwe, gari liondolewe ndani ya siku saba. Kamati nne zilizopita zilishindwa na gari lile. Mbu walilishinda kwa kikaratasi kimoja. Likavutwa kwa kamba, likiacha pale lilipokuwa mstatili wa udongo mtupu uliopasuka, na kabla hatujaamua upandwe nini wale nyuki wapweke wakaanza kuutoboa vishimo vyao. Aina nyingi za nyuki duniani hukaa ardhini, Mwalimu alisema, na ukoka uliobanana hauwafai. Eneo lililokuwa la aibu kwa jengo likawa na wapangaji kuliko ghorofa zote.

Hapo nilianza kuamini tumefika. Ndipo kijana wa kufyeka akaja. Alikuwa hajaja kwa miezi kadhaa, akasikia kwamba kazi ipo, akaja siku ya kazi saa za asubuhi wakati wote waliopiga kura ya ndiyo wako kwenye foleni za Morogoro Road. Alikuwa kijana mwaminifu. Alifyeka mpaka udongo ukaonekana.

Niliporudi jioni kiwanja kilikuwa tambarare, isipokuwa visiwa vitatu. Kimoja kilikuwa kivumbasha: Mama wa ghorofa ya pili hukitundika dirishani kufukuza mbu, na alisikia fyekeo akiwa jikoni akashuka na mwiko. Kingine kilikuwa mgagani: huo Bibi anaupika na karanga, na alitoka amejifunga khanga kiunoni, kijana akarudi nyuma mwenyewe. Cha tatu kilikuwa mpasheni alioupandisha Mwenyekiti kwenye uzio, ambao hakuna kijana mwenye akili angeugusa. Kongwa, marejea, mchunga, vyote vilivyopandwa au kuachwa kwa ajili ya nyuki, vya pamoja, vya vizazi vijavyo, vilikuwa vimelala chali. Wenye navyo walikuwa wengi mno, na hakuna hata mmoja aliyeshuka.

Toka siku hiyo nikaacha kuhubiri faida kwa wote. Kikao kilichofuata niligawa bustani, na nilishangaa jinsi hoja ilivyopita bila adhana. Mgagani ukawa wa Bibi rasmi, kwa sharti moja tulilolijadili kwa muda: yeye hupenda kuchuma vikonyo vichanga kabla ya ua, nyuki wanataka ua. Tukapatana vichaka vya mbele ni vyake, vya nyuma viachwe vichanue vile viua vyeupe vyenye ndevu ndefu, na mbegu zake Bibi azichukue apande tena. Mchunga ulichukuliwa na Mweka Hazina, anayeamini kwamba chochote kichungu ni dawa. Kifaurongo kikawa cha watoto. Marejea yakawa ya Mwalimu, na akitaka kuyatolea mhadhara ni ruhusa. Nilidhani kishona nguo kingekosa mtetezi, lakini Mlinzi akanyoosha mkono. Aliomba kiachwe kwenye kona ya nyuma ya uzio, pale vijana wanaporukia wakichelewa kurudi usiku, kwani asubuhi haulizi maswali siku hizi, anatazama suruali tu.

Mfumo ulijaribiwa haraka. Siku ya kuamkia Idd el-Hajj mbuzi wa mtu alifungwa uwanjani kwa kamba ndefu kuliko ilivyohitajika, kulipokucha mchunga haukuwepo. Zamani tungesema "bahati mbaya" tukaendelea. Safari hii Mweka Hazina alipanda ngazi hadi mlango wa mwenye mbuzi, akadai, na akashuka na fungu la nyama lenye ini ndani yake. Mchunga uliota tena kabla nyama haijaisha kwenye friji. Mwaka huu mwenye mbuzi amefunga kamba fupi.

Yakabaki mambo ya Mwenyekiti. Benchi la kijiwe ni la mbao, na chini yake alihamia dudumavule, yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa miti. Alikata tundu la duara ambalo kidole kinaingia, na kila alipochimba, unga wa mbao ulidondoka juu ya kiatu cha aliyeketi. Wazee walihamisha vikombe. Dume lake lilikuwa likielea hewani usawa wa macho, likimkabili kila apitaye kwa ngurumo ya pikipiki. Mwalimu alitutuliza kwamba dume hana mwiba, ni kelele tu. Wajumbe wanawake walicheka kuliko ilivyohitajika.

Mwenyekiti alikuwa ameshanunua pati ya kuziba tundu. Mwalimu akamuuliza jambo moja: ule mpasheni wako, Mheshimiwa, unachanua sana, mbona hauzai? Mwenyekiti akakiri kuwa jambo hilo linamkosesha usingizi. Akapelekwa kwenye uzio. Ua la pasheni lilikuwa limefunguka, na dudumavule kajaa ndani yake, anazunguka akinyonya kwenye pete ya chini huku zile chavulio zinazoning'inia juu zikimfagia mgongo, mgongo wote umekuwa wa njano. Nyuki wa asali ni mdogo, Mwalimu akasema, hupita chini bila kugusa kitu. Ua hili linamtaka bwana mkubwa. Pati ilirudishwa dukani, na benchi jipya la wazee likajengwa la zege ili lile la mbao aachiwe mwenyewe.

Masika haya mpasheni umezaa. Mwenyekiti amekuwa akiyahesabu mapasheni kila asubuhi kabla ya kufungua simu, na angeendelea kuyahesabu kwa amani kama Mwalimu angejua kunyamaza. Akiwa kwenye kijiwe, mbele ya watu wa jengo la pili, alieleza kwamba pasheni la njano halijichavushi wala halipokei chavua ya mti wake mwenyewe. Lazima iletwe kutoka mti mwingine. Na mti mwingine wa karibu uko wapi? Kwenye uzio wa jengo la pili.

Kulikuwa na kimya, halafu mzee mmoja wa jengo la pili akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo," akasema, "haya matunda yana baba kwetu."

Barua yao imenifikia jana, ina mhuri. Wanadai nusu ya mavuno, na wamemtaja Mwalimu kuwa shahidi wao. Mwenyekiti ameagiza jambo hili lisiwekwe kwenye Mengineyo. Ni ajenda namba moja, na ameniambia niwaarifu wajumbe wote kwamba safari hii akidi lazima itimie.